Daraja la Kijito cha Kettle na Jumanne ya Mwezi wa Tatu

Kisa hiki alinisimulia Odile Rancourt mwenyewe, mwaka juzi, juma lile theluji ya kwanza ilipoanguka. Alikuja kwangu na kapu la matofaa, tukakaa jikoni tukiyamenya ya kukausha. Aliona haya kidogo, maana ndani ya kisa yeye na mumewe wanaonekana hawajui kitu. Nikamwambia kila mtu ana ujinga wake, ila wako umezaa daraja. Akacheka, akaanza.

Odile na mumewe Leland wana ng'ombe sitini wa maziwa huko juu mlimani, katika mji mdogo wa Corbin, jimbo la Vermont. Wanaishi na mama yake Leland, bibi mwenye miaka sabini na tisa, aliyetoka Kanada akiwa mwari. Jina lake Aurore, lakini mlima mzima unamwita Memere, yaani bibi, kama walivyomzoea wajukuu.

Barabara ya kwenda kwao ni ya changarawe. Inapita Kijito cha Kettle juu ya daraja dogo la chuma lenye mbao. Zipo nyumba saba tu ng'ambo ya daraja hilo. Kila baada ya siku mbili lori la maziwa lilikuwa likivuka, mbao zikilia kwa-kwa-kwa, Odile akijua ni saa kumi na moja alfajiri.

Mwaka mmoja, mwezi wa nne, akaja mkaguzi. Alivaa koti lenye nembo ya jimbo. Akaingia chini ya daraja, akagonga chuma kwa nyundo, akaandika, akaenda zake. Juma lililofuata kibao kikasimamishwa: MWISHO TANI SITA.

Lori la maziwa, hata likiwa tupu, linapita tani kumi.

Basi yakaanza mateso. Odile na Leland wakawa wanaamka saa nane usiku. Wanahamisha maziwa kwenye tangi dogo, wanalifunga nyuma ya gari lao, wanashuka nalo hadi barabara kuu, lori linakosubiri. Safari nne, wakati mwingine tano. Kiwanda cha maziwa kiliwapa ruhusa ya kufanya hivyo kwa muda. Barua yao ilisema: "Mwisho wa mwezi wa sita mwakani, kama lori letu halifiki zizini, hatutachukua tena maziwa yenu."

Ng'ombe hawangoji barua. Ng'ombe anakamwa asubuhi, anakamwa jioni. Maziwa yasipochukuliwa, zizi limekufa.

"Daraja ni la jimbo," Leland akasema. "Umeona koti la yule bwana? Aliyeweka kibao ndiye mwenye daraja."

Akaketi akamwandikia gavana. Akangoja mwezi mzima, kimya. Akamwandikia Rais.

"Rais wa nini?" Odile akauliza.

"Si ndiye bosi wa gavana? Mtoto akikukosea, humwendei baba yake?"

Halafu akamwandikia seneta pia, kwa kuwa bahasha zilikuwa zimebaki.

Jirani yao Wendell Tuttle, mtani mkubwa, kila akipita alipunguza mwendo wa gari na kufungua dirisha. "Vipi Leland, Rais ameshaleta saruji?"

"Atakuleta wewe uichanganye!"

Kiangazi kikapita. Majani yakageuka mekundu, yakaanguka. Theluji ikaja. Kuendesha tangi la maziwa mlimani usiku, kwenye barafu, si mchezo. Mara mbili gari liliteleza, Odile ndani yake akishika usukani kwa mikono miwili na kumtaja Mungu.

Baada ya Krismasi likaja jibu kutoka ofisi ya seneta. Lilikuwa fupi, la adabu. Lilisema daraja lile ni mali ya mji wa Corbin, tafadhali waone baraza la mji wao.

Leland akalitupa mezani. "Unaona? Wanarushiana mpira."

Lakini Odile akaliokota. Kesho yake akashuka mjini, akaenda kwa Hester Colburn, karani wa mji. Ofisi ya Hester ni chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa mikutano. Kina jiko la kuni, makabati ya chuma, na paka mnene asiyependa mtu.

"Karibu, Odile. Leo umekuja kulipia leseni ya mbwa?"

"Nimekuja kuuliza la kijinga. Daraja letu ni la nani?"

"La mji. La sisi sote."

"Na yule mkaguzi wa jimbo?"

"Jimbo lina mafundi, sisi hatuna. Wanakuja kutukagulia. Daktari wa mifugo akipima ng'ombe wako, ng'ombe anakuwa wake?"

Odile akatikisa kichwa. "Sasa gavana si angemwamuru mtu alijenge? Au Rais amwamuru gavana?"

Hester akavua miwani. "Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mnadhani ni kama jeshi. Rais juu, gavana chini yake, sisi mkiani. Sivyo. Gavana amechaguliwa na watu wa Vermont, na Rais hawezi kumfukuza kazi. Kila serikali ina mambo yake. Jeshi, sarafu, posta, mapatano na nchi za nje, hayo ni ya Washington. Leseni yako ya kuendesha gari, barabara kuu, sheria nyingi za shule, hayo ni ya jimbo. Mji nao umeundwa na sheria za jimbo, na umepewa yake. Barabara za changarawe, madaraja madogo, kuondoa theluji. Ukitaka chumvi jikoni kwako, humwendei mwenye mgodi."

"Leland anasema atakwenda mahakamani."

"Aende. Jaji atamuuliza, sheria gani imevunjwa? Kibao kimewekwa kihalali. Jaji anaamua ubishi wa sheria, Odile. Jaji hana saruji."

"Basi mwenye saruji ni nani?"

"Sikiliza taratibu. Kazi ya serikali imegawanywa mara tatu, ili mtu mmoja asishike kila kitu. Wa kwanza anatunga sheria na kupitisha fedha. Wa pili anatekeleza. Wa tatu ni mahakama, nimekwisha kukwambia. Kule Washington anayepitisha fedha ni Bunge, na Bunge lina nyumba mbili, Wawakilishi na Seneti. Rais anatekeleza. Hata akiwa na huruma namna gani, fedha ambazo Bunge halikupitisha si zake kugawa. Kwa jimbo letu ni vivyo hivyo. Bunge la jimbo linapitisha, gavana anatekeleza."

"Na hapa Corbin? Anayetekeleza ni baraza, Lyle Stannard na wenzake wawili."

"Ndiyo hao."

"Bunge letu liko wapi?"

Hester akanyoosha kidole kwenye mlango wa ukumbi. "Humo. Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, kila mwaka. Mkutano wa mji. Bunge la Corbin ni kila mpiga kura anayeingia humo na kukaa. Ni wewe."

Odile alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kwenye mkutano wa mji hakuwahi kukaa hata dakika moja.

"Lakini mimi napiga kura," akasema polepole.

Hester akafungua daftari la wapiga kura. "Wewe unapiga kura ya Rais, kila miaka minne, mwezi wa kumi na moja. Hongera. Lakini wabunge wa Washington wanachaguliwa kila miaka miwili, na maseneta kwa miaka sita, si wote mwaka mmoja. Gavana wetu kila miaka miwili. Na hii ya mwezi wa tatu, tazama. Nyumba zote za ng'ambo ya Kettle. Mstari wenu mweupe kama theluji."

"Mwezi wa tatu utomvu unatiririka, Hester. Unajua."

Hester alijua. Watu wa mlimani wana miti ya sukari. Mwisho wa baridi, usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka, miti inatoa utomvu. Wanaukusanya, wanauchemsha kwenye makarai makubwa hadi uwe shira. Msimu ni wa majuma machache, na mtu wa mlimani hatoki kwenye banda lake la shira hata nyumba ya jirani ikiungua. Ndivyo baba zao walivyofanya.

Hester akachomoa faili, akasoma kwa sauti ya kawaida tu. "Miaka mitatu iliyopita, baraza lilileta hoja ya kulitengeneza daraja la Kettle. Lilikuwa bado halijaoza sana. Ndiyo, kura thelathini na nane. Siyo, arobaini na moja."

Odile akahesabu kimoyomoyo. Nyumba saba, wapiga kura kumi na tisa.

"Tulishindwa kwa kura tatu," akasema.

"Hamkushindwa. Hamkuwepo."

Odile aliniambia, wakati huo alitamani yule paka amkwaruze, ili apate sababu ya kulia.

Hester akamwonyesha njia. Mpiga kura yeyote anaweza kuleta hoja mkutanoni, akipata saini za wapiga kura watano katika kila mia. Corbin ilikuwa na wapiga kura mia sita na arobaini. Basi saini thelathini na mbili. Nazo ziletwe siku arobaini na saba kabla ya mkutano, ili watu watangaziwe mapema. Zilibaki siku kumi na moja.

Odile akazunguka nyumba hadi nyumba, theluji magotini. Wengine walimkaribisha kahawa. Mmoja alimfungulia mbwa. Siku ya kumi akamletea Hester saini thelathini na nne, akijiona shujaa.

Hester akazipitisha kidole, moja moja. Akakata moja. "Memere ni raia wa Kanada. Anaishi hapa kihalali, analipa kodi, lakini hapigi kura."

"Thelathini na tatu. Zinatosha."

Hester akakata nyingine. "Na huyu hajaandikishwa."

"Nani?"

"Leland Rancourt."

Paka akapiga miayo.

"Haiwezekani. Kila uchaguzi hukaa mbele ya redio akigombana na wagombea wote."

"Kugombana na redio hakuhitaji kuandikishwa. Zimebaki thelathini na mbili. Kamili."

Jioni hiyo Odile akamkuta mumewe zizini.

"Leland. Umepiga kura lini mara ya mwisho?"

Leland akaendelea kufagia. "Kwani wewe si unapiga? Nilidhani nyumba moja, kura moja."

"Nyumba moja, kura moja! Hii ni kodi ya taka? Na umemwandikia Rais barua!"

"Sikumwambia kama nilimchagua," Leland akajibu. Memere, aliyekuwa mlangoni na ndoo, akacheka mpaka akashika ukuta.

Kesho yake Leland akashuka kujiandikisha. Ilimchukua dakika tano.

Ikafika Jumanne yenyewe. Usiku baridi ilikuwa kali. Saa mbili asubuhi jua likapanda, likapiga theluji, na mlima wote ukaanza kudondoka tii, tii, tii. Utomvu wa mwaka ulikuwa umeanza jana yake, sasa ukaja mwingi. Odile akajua majirani hawatatoka mabandani.

Simu ikalia. Alikuwa Wendell. "Odile, mama, nisamehe sana. Karai limejaa, moto umewaka. Wenzangu nao hawatoki. Mtatuwakilisha."

"Hakuna kuwakilishwa, Wendell. Asiyeketi ukumbini hana kura."

"Karai likiachwa dakika tano linaungua!"

Odile akashusha simu na kukaa. Memere alikuwa anavaa buti zake.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Kwa Tuttle. Nipelekeni."

Walipofika, banda la Wendell lilikuwa limejaa mvuke. Walikuwemo na majirani wengine wanne, wamekuja kuonja. Memere akapita katikati yao na mkongojo.

"Nyinyi wana," akasema, "nani aliwaambia utomvu hauwezi kungoja? Kwa baridi hii unakaa tangini siku mbili bila kuharibika. Baba yangu aliuacha kila Jumapili akaenda kanisani, na shira yake ililiwa na maaskofu. Hamwendi mkutanoni kwa kuwa hampendi kukaa kwenye viti vigumu. Semeni kweli."

"Memere, moto nimeshawasha," Wendell akasema kwa sauti ndogo.

"Basi nipe huo mwiko. Mlima huu wote, mtu mzima asiye na kura ni mimi peke yangu. Leo nimepata kazi. Asiyekuwapo na lake halipo. Ondokeni."

Wendell akamtazama, akatazama karai, akatazama tena. "Ukiniunguzia, Memere..."

"Nilichemsha shira kabla baba yako hajaota jino. Toka!"

Wakapita nyumba kwa nyumba kuwachukua waliobaki, na magari sita yakashuka mlimani kwa foleni. Mmoja mmoja wakavuka daraja la tani sita. Walipoingia ukumbini, watu kumi na tisa na Leland wa ishirini, wakiwa wananuka moshi, watu wa bondeni waligeuza shingo. Mzee mmoja akauliza kama kuna msiba.

Asubuhi ilikwenda kwa bajeti ya gari la kuondoa theluji na mshahara wa fundi wa barabara. Mchana wakala maharage, nyama na keki za shira, kama desturi. Baada ya chakula mwenyekiti wa mkutano akasoma: "Hoja ya kumi na nne. Je, mji utenge fedha za kujenga upya daraja la Kijito cha Kettle?"

Lyle Stannard, mkuu wa baraza na mwenye duka la mjini, akasimama. Si mtu mbaya, ila mkono wake ni mzito kufunguka. "Ni daraja la nyumba saba," akasema. "Mji mzima unalipaje kwa nyumba saba?"

Odile akasimama. Hotuba aliyoiandika ilibaki mfukoni.

"Lyle, theluji ya mbele ya duka lako anaiondoa nani?"

"Mji."

"Mimi mwezi wa pili sipiti dukani kwako. Nina maziwa ya kusomba usiku. Lakini kodi nimelipa, na sijauliza kwa nini nikulipie wewe." Watu wakacheka. Odile akangoja wanyamaze. "Hester amenieleza, jimbo lina mfuko wa madaraja ya miji. Hutoa sehemu kubwa, lakini mji ukitenga sehemu yake kwanza. Tusipotenga, hata hiyo yao hatuipati. Na mwezi wa sita kiwanda kitaacha kuchukua maziwa yetu. Nitauza ng'ombe. Sina jingine."

Akakaa. Aliniambia hakumbuki alivyokaa.

Mwenyekiti akasema, wanaokubali waseme ndiyo. Ukumbi ukanguruma. Wanaokataa waseme siyo. Ukanguruma tena, vilevile. "Masikio yangu hayawezi," mwenyekiti akasema. "Simameni, tuwahesabu."

Wakahesabiwa kama kondoo, upande mmoja, kisha mwingine. Hester akaandika.

Ndiyo, sitini na tatu. Siyo, hamsini na nane.

Leland akaushika mkono wa mkewe mbele za watu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu harusi. Watano ndio waliozidi. Bila mlima, hoja ingezama mbali.

Lyle Stannard akakuna kidevu. "Sikuipenda," akasema. "Lakini mkutano umeamua, na kazi ya baraza ni kutekeleza. Juma lijalo nitaandika kwa watu wa jimbo kuomba ule mfuko." Na aliandika.

Jambo la mwisho lilikuwa kumchagua mjumbe wa baraza, wa miaka mitatu, maana mmoja alikuwa amestaafu. Mwenyekiti akaomba majina. Odile akanyoosha mkono.

"Wendell Tuttle."

Wendell alikuwa ameinama kwenye meza, akichukua kipande cha tatu cha keki. Alipoinuka, kulikuwa hakuna mgombea mwingine, na alikuwa kiongozi.

"Sasa wewe ndiwe utakayeleta saruji," Leland akamwambia.

Waliporudi bandani walimkuta Memere amekaa kwenye gogo, uso mwekundu kwa moto. Mitungi kumi ya shira ilikuwa imepangwa, rangi ya dhahabu. Wendell akaonja, akaonja tena.

"Sijawahi kupata hivi," akakiri.

"Kwa sababu unaongea sana," Memere akasema. "Haya, tumeshinda?"

"Tumeshinda, Mama."

Memere akasema, "Miaka hamsini na minane nimeishi hapa. Leo nimeona vibaya kubaki. Hizi karatasi za uraia zinaombwa wapi? Kwa Hester?"

"Hapana," Odile akasema. "Uraia ni wa Washington." Akamgeukia mumewe. "Leland, leta kalamu. Safari hii barua yako itafika mahali pake."

Odile akapeleka kiwandani nakala ya uamuzi wa mkutano, yenye mhuri wa karani. Wakaongeza ruhusa hadi majani yaanguke. Mwezi wa saba mafundi wakabomoa lile la zamani, wakatandika njia ya muda pembeni. Mwezi wa tisa mwishoni daraja jipya likafunguliwa, la zege, pana, na kile kibao cha tani sita Leland akakipigilia mlangoni mwa zizi lake, asisahau.

Asubuhi ya kwanza, saa kumi na moja, lori la maziwa lilipanda mlima hadi zizini. Dereva akajaza, akapunga mkono, akashuka. Hapakuwa na tangi la kufunga, wala safari nne. Leland akarudi kitandani na buti zake, akakoroma hapo hapo. Memere alikuwa bado amelala, kitabu cha maswali ya uraia kifuani.

Odile akajilaza juu ya shuka, akasikiliza. Miaka yote alizoea mbao zikilia. Sasa lori lilifika kwenye kijito, likavuka kimyakimya, na sauti yake ikaendelea bondeni, ikipungua, ikipungua. Alikusudia kuifuata hadi barabara kuu. Hakufika nayo. Usingizi ulimchukua kidogo tu baada ya daraja.